Filme za Mweso Wakati wa Mvua

Salle yetu ya sinema ilikuwa zamani depo ya fromaji, jibini ya huku kwetu, na ile saa jua ni kali, ukuta bado unanuka maziwa. Fromaji inapenda upepo, njo maana wale waliojenga waliweka madirisha nane. Sinema haipendi upepo wala dirisha. Milango ya mbao ya yale madirisha iliondoka wakati wa vita moja kati ya zile vita, ikaenda kuwa kuni za muntu, na mimi simulaumu. Mweso yetu, huku kwenye milima ya Masisi, iko na baridi, na maharagi inataka moto wa muda murefu.

Kwa hiyo mwanga ulikuwa mwingi mule ndani, ungeweza kutafuta sindano. Na sisi tulikuwa tunaonyesha filme saa nane ya muchana, sababu magaribi kila muntu anataka kuwa kwake, mulango umefungwa. Mwenye mashini, papa mumoja wa Goma mwenye alikuwa anakuja na pikipiki jumamosi moja kwa mwezi, aliangalia yale madirisha siku ya kwanza, akasema haiwezekani. Alianza hata kufunga projektere yake kwenye mufuko.

Wamama wa kambi njo walifanya iwezekane. Kila familia ya wadeplase, wale waliokimbia vita, iko na shitingi, ile nailoni ngumu ya kufunika kijumba. Tulipatana hivi: mwenye kuvua shitingi juu ya nyumba yake na kuileta, tunaifunga kwenye dirisha, na yeye anakaa mbele. Wengine wote wanakaa nyuma, hata kama ni wakubwa wa nini. Nilipenda sana kuona wale waheshimiwa wetu, na makoti yao, wamebanana nyuma juu ya mbao za zamani za kupangia fromaji. Shitingi mbili kwa dirisha moja, na salle inakuwa giza safi.

Lakini shitingi iko na kazi yake, na ile kazi haikuwa sinema. Tone la kwanza likianguka kwenye mabati, wamama wote wanasimama pamoja, kila mumoja anakwenda kwenye dirisha lake, anafungua kamba, anakimbia kufunika vitu vyake. Mwanga unaingia. Pale palikuwa na muntu analia ao anaoa, sasa panabaki tu shuka la kuonyeshea filme, na kona moja ya shuka imeshonwa vibaya. Na mvua ya Masisi haiulizi muntu. Kwa hiyo kutoka mwezi wa tisa filme zetu nyingi hazikuwa na mwisho.

Mwenye mashini alikuwa amekwisha kuziona zote Goma, na kazi ya kusema mwisho ilikuwa yake. Hakuwa na kipaji kile hata kidogo. Anakunja waya zake, anasema bila kuangalia muntu: "Ule muzee anakufa. Ngombe inabaki." Basi. Wengine walikuwa wanapinga. Kuko papa mumoja mpaka leo anasema ule muzee hawezi kufa, sababu alikuwa bado hajavuna.

Kazi yangu mimi ilikuwa kusoma. Ninafundisha Kifaransa kwenye sekondari, na zile filme zilikuwa zinatoka nchi ambazo hatujui hata kuziweka kwenye karte ya dunia, watu wanaongea luga zao, Kifaransa kinapita chini. Nilikuwa nasimama kando ya shuka, nasoma, nasema kwa Kiswahili papo hapo, mara mwanaume, mara mwanamuke, mara padiri. Sikuwa nimeziona kabla. Nilikuwa najua filme dakika ile ile wote wanaijua. Nikichoka, watu wote wa ile nchi walianza kuongea sawa na mwalimu mwenye hasira, na hakuna muntu alilalamika, sababu nusu ya salle nilikuwa nimewafundisha.

Hazikuwa filme za kupigana. Mwenye mashini aliomba musamaha siku ya kwanza, akasema ni filme za polepole, za watu wenye kusoma. Nilikasirika kidogo. Watu wa milima wanajua polepole kuliko yeye. Kulikuwa filme moja ya nchi ya baridi, muzee anangoja maji ichemke, na tuliona yale maji kutoka baridi mpaka moto, bila neno. Hakuna muntu alijikuna. Ngombe ilipopita, papa mumoja wa nyuma alisema, "Ile iko na mimba," na kisha muda murefu filme yenyewe ikaonyesha ndama. Siku nyingine sanduku la maiti lilipita kwenye shuka, na salle yote ikasimama, wanaume wakavua kofia. Niliwaambia wakae, ni picha. Mama mumoja aliniambia, "Madame, kaa wewe." Nilibaki nimesimama.

Mama ambaye nataka kusema habari zake alikuwa wa Bihambwe. Alikimbia na mbegu yake ya maharagi kwenye kifuko, na mujukuu mugongoni. Shitingi yake ilikuwa mupya na ngumu kuliko zote, njo maana tulimupa dirisha kubwa la nyuma, lile linatazamana na shuka. Bila lile dirisha kufungwa, hata ufunge yale saba, huoni kitu. Alikuwa anajua. Alikuwa anafika wa mwisho, polepole, na sisi wote tunamungoja.

Ule mujukuu, kabinti ka miaka mitano hivi, alikuwa wa mutoto wake wa mwisho. Yule kijana alikwenda Walikale kuchimba madini wakati binti bado ananyonya. Mama wa binti naye akaolewa mahali pengine. Tangu kijana aliondoka, hakuna telefone, hakuna salamu kwa motari wa pikipiki, hakuna muntu wa kusema nilimuona soko fulani. Kambini watu wanajua hesabu ya Walikale: mashimo inaanguka. Muntu akinyamaza miaka mine, amekufa. Wamama wenzake walimwambia mara nyingi afanye matanga, alie, anyoe nywele, amalize. Yeye alikuwa anajibu neno moja tu. "Sitalilia muntu sijajua."

Ile kutokujua ilikuwa inamukula. Nilimuona akipungua. Uchungu wa mutoto, mama njo anaujua.

Kisha siku moja mwenye mashini alitangaza kwamba mara ijayo ataleta filme ya Walikale. Filme ya kweli, si ya kutunga. Mugeni mumoja alikaa na kamera mwaka muzima kwenye carré, pale wachimbaji wanachimba na kulala. Ule mama aliningoja mulangoni. Alinishika mukono, akaniambia namna kijana wake iko: murefu, masikio inatoka inje, anatembea bega la kushoto liko chini. Alisema yote kwa taratibu, kama muntu anaagiza kitu Goma na hataki walete kingine.

Siku ilipofika, alikuwa wa kwanza. Shitingi yake ilikuwa imefungwa kabla ya zingine zote. Mujukuu alimuacha kwa jirani.

Mimi siku ile nilikuwa karibu bila kazi, sababu wale wachimbaji waliongea Kiswahili chao wenyewe, na salle ilisikia vizuri kunishinda. Nilisoma tu maneno ya ule mugeni, sababu yeye alikuwa anaeleza kwa luga yake mara moja moja. Wengine wote wakacheka matusi ya wachimbaji. Ule mama hakucheka. Alikuwa anaangalia nyuso namna tunachagua maharagi kwenye lungo, anaondoa moja, anaondoa ingine. "Si yeye," alikuwa anasema chini chini. "Si yeye. Si yeye." Wanaume mia pengine walipita. Kisha mvua ikagonga mabati.

Nilimuangalia. Alisimama na wenzake. Mbegu yake ilikuwa kule kwenye kijumba wazi, na mbegu ikilowana, mwaka umekwisha. Alifungua kamba, akaenda. Kisha kidogo akarudi amelowa mpaka mifupa, akamukuta mwenye mashini anakunja waya.

"Papa, mwisho inakuwa namna gani?"

"Wanachimba," akasema. "Kisha wanaendelea kuchimba."

"Uliona mumoja murefu, masikio inje, bega moja iko chini?"

"Mama, bote bega iko chini. Banabeba."

Hakusema kwa ubaya, lakini mimi niliona moto kichwani. Mama alipotoka, nilimwambia yule papa kwamba filme ile itarudi mwezi ujao. Akasema hapana, kuko programu inatoka Goma, filme hairudiwi, Masisi centre nao wanangoja, Walikale wenyewe wanangoja. Nikamwambia, "Papa yangu, utaileta, ao utatafuta muntu mwingine wa kukusomea Kifaransa. Labda ile groupe yako ya mazuti, yenye kutoa umeme, iko na diplome." Alicheka. Mimi sikucheka. Aliileta.

Ule mwezi katikati ulikuwa murefu kwake. Nilikuwa namukuta sokoni, ameketi na mboga zake, na kila mara aliniuliza kama nakumbuka uso fulani, wa yule aliyesimama nyuma ya wale watatu. Nilikuwa najibu sikumbuki. Ilikuwa kweli. Kuko usiku nilijaribu kuwakumbuka mumoja mumoja, na nilipata udongo tu na meno.

Jumamosi ile asubuhi mbingu ilikuwa safi. Watu walijaa. Filme ikaanza, tukapita pale tulikuwa tumefikia, na nikaona ule mama anasogea mbele ya kiti. Dakika kumi hivi, labda chini ya hapo, mabati ikaanza.

Wamama walisimama. Wengine walimuangalia kwanza, nafikiri walikuwa na haya, lakini nani ataacha watoto walowane kwa ajili ya filme. Dirisha la kwanza likafunguka, la pili, yote saba. Watu wa nyuma nao wakaondoka, sababu picha ilikuwa imekuwa nyeupe, na mvua ilikuwa inapiga kelele, hata sauti ya groupe huisikii. Ule mama hakusimama. Shitingi yake ilibaki kwenye dirisha kubwa la nyuma.

Nilikwenda kuinama kwenye sikio lake. "Mama, mbegu."

"Itaota," akasema.

Akabeba kiti chake, akakiweka hatua mbili mbele ya shuka. Na pale, na mawingu yamefunika inje, ukiwa karibu sana uliweza kuona: watu wa rangi ya majivu, bila sauti, wanatembea. Mwenye mashini alinyoosha mukono kuzima. Nilimuangalia tu. Akarudisha mukono.

Tulibaki watatu. Sauti haikuwa, kwa hiyo kazi yangu ikarudi. Kila Kifaransa kilipopita chini, nilikuwa nakisoma kwa nguvu kwenye sikio lake. Bei ya madini. Mvua ya porini. Muntu fulani anatoka wapi. Kisha ikaja kilima kimoja na mawe juu, na wanaume wanapanda, safari hii wamenawa, wamevaa mashati ya kupiga pasi. Kifaransa kikaandikwa. Nikasoma. Sikufikiri, nilisoma tu, njo kazi.

"Siku ya Mungu wanapanda hapa, sababu hapa reso ya telefone inapatikana. Kila muntu anaongea na familia yake."

Walikuwa kumi na tano labda, kila mumoja na telefone kwenye sikio, kila mumoja amegeukia upande wake. Ule mama akasema, "Njo ule."

Alikuwa kando, murefu, shati jekundu ao la bluu, kwa ile nyeupe sikujua. Masikio ilikuwa inatoka inje kweli. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa anaongea na telefone, anacheka, anapiga jiwe na muguu wake polepole, namna muntu anafanya akiwa na muda mwingi.

Nilifurahi. Naandika hivi sababu ni kweli: nilifurahi sana, nikamushika ule mama bega, nikataka kusema Mungu iko. Kisha nikasikia mukononi kwamba bega lake halifurahi.

"Banaongea na nani, umesema?"

Ningeweza kusema kitu kingine. Muntu asiyejua Kifaransa anakula chochote unachomupa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma.

"Na familia, Mama."

Picha ikapita. Aliomba irudishwe. Mwenye mashini akairudisha, akairudisha tena, akairudisha mara ya tatu, na sikuwahi kumuona na uvumilivu ule. Mara ya tatu nilimuuliza picha ile ilipigwa lini. Akasema kiangazi kilichopita. Mama hakuwa anaangalia uso tena. Alikuwa anaangalia ule mukono na telefone.

Kisha akasema, "Acha iende." Filme ikaenda mpaka mwisho, ya kwanza tangu mvua ianze, na watazamaji tulikuwa wawili. Haikuwa na mwisho wa maana. Walichimba, wakaendelea kuchimba. Mama akasimama, akafungua kamba yake, akakunja shitingi vizuri, kona kwa kona, akaingia kwenye mvua na shitingi imekunjwa kwapani. Hakujifunika nayo.

Jumatatu, wanafunzi wa kambi walikosa darasa la asubuhi. Niliuliza. Wakasema kuko matanga. Nikauliza ya nani, wakaniambia: ya yule kijana wa Walikale.

Nilifikiri wamama walisikia vibaya, wamejazana maneno kama kawaida yao. Nilifunga daftari, nikaenda kuwarekebisha. Njiani nilikuwa na hasira nzuri kabisa, ile ya muntu mwenye haki.

Nilimukuta ameketi chini, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheupe kimefungwa kiunoni. Mujukuu naye alikuwa amenyolewa, anapita kwenye miguu ya mama huyu na huyu, na kila mumoja anamushika kidogo, anamupa kitu mukononi. Wamama wenzake walikuwa wameleta kuni, wameleta chumvi, wameleta sauti zao. Hata watu wa kilima kingine walikuwa wamefika. Walilia vizuri, kilio chenye kilikuwa kimengoja miaka mine. Maharagi ilikuwa inachemka kwenye sufuria kubwa, ni ile mbegu ya Bihambwe, sababu iliyolowana haiwezi kungoja.

Nilipoingia walinyamaza. Mama mumoja mukubwa, mwenye alikuwa anamusemesha kila siku amalize, akaniambia, "Madame, wewe njo ulisoma. Inaonekana filme ilisema alikufa."

Wote waliniangalia. Ule mama pia aliniangalia. Macho yake ilikuwa kavu. Hakuwa ananiomba kitu, alikuwa anangoja tu kuona mimi ni muntu wa namna gani.

Nilisema, "Njo vile iliandikwa."

Kilio kikaanza tena. Nilikaa karibu naye kwenye mukeka. Nilikuwa nimemukasirikia, nilikuwa nimemukasirikia yule kijana zaidi, na nilikuwa nimejikasirikia mimi mwenyewe na Kifaransa changu. Wamama walipokwenda kuangalia sufuria, aliongea, chini, bila kunigeukia.

"Huyu mutoto anaweza kuishi na papa mwenye alikufa. Bengi banaishi hivyo. Na papa mwenye iko na telefone na hatupigii, ataishi naye namna gani?"

Binti alikuja na sahani mbili, moja ya nyanya wake, moja yangu, anatembea polepole ili isimwagike. Nikapokea, nikakula.